Bei ya Mdomo, Bei ya Ubao

Kibandani, Kawangware
Jumapili, baada ya kanisa

Mwanangu Nasimiyu,

Salamu sina, kwa sababu tumesalimiana asubuhi, na sasa hivi ninapoandika wewe uko nyumbani Kibera unachambua mchele pamoja na wanawake wa kanisa. Mimi nimetoroka. Nyumba yetu pale Mashimoni ilikuwa ndogo hata kabla mama yako hajawaalika watu wa kukuombea safari, na nilipoona mtu mzima ameketi juu ya mtungi wa maji kwa kukosa kiti, tena katika nyumba ya seremala, nikasema naenda kuangalia kama mbao zangu zimenyeshewa. Mvua haijanyesha. Mama yako alinitazama tu, akaniambia nisichelewe chakula.

Basi nimefungua kibanda nusu, nimeketi juu ya kitanda cha mteja ambaye hajaja kukichukua, na ninakuandikia. Mambo ya sabuni, kufuli na marafiki sitayagusa. Hayo mama yako ameshakuambia, na akimaliza ataanza upya. Mimi nina kitu kimoja tu cha kukupa kabla hujapanda basi kesho, nacho ni jibu.

Alhamisi tulikuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, mimi na wewe, ukaniuliza bila hata kupunguza mwendo, "Baba, niambie ukweli. Hii kozi ya biashara unataka nifanye, ama umekubali tu?" Nikajifanya nimeona mtu ninayemjua ng'ambo ya barabara. Nikampungia mkono. Yule mtu akashangaa, maana hanijui. Ulicheka kidogo. Halafu ukaniambia kwamba nafasi yako ya ualimu bado ipo, kwamba ukifika chuoni wanaweza kukuandikisha upande wowote mpaka utie sahihi, na kwamba nikisema ualimu, utatia sahihi ya ualimu na hutaniwekea kinyongo.

Ninajua ulikuwa unasema kweli, na ndiyo maana niliogopa. Uliniwekea maisha yako mkononi, nami mkono huohuo nikautumia kumpungia mtu nisiyemjua.

Tangu siku hiyo mama yako hajanipa raha. Jana akaniambia, "Baba Nasimiyu, mtoto hakuli vizuri. Mjibu. Hata kama ni hapana, mjibu." Lakini mimi mambo kama haya siyawezi kwa mdomo. Kwa mdomo ninajua kuuza vitanda tu. Nivumilie basi, jibu linakuja, ila litapitia mbali kidogo.

Kwanza uelewe kwamba ninajivunia. Ninajivunia mpaka nimekuwa mtu wa kuchosha. Barua yako ya kuitwa chuo kikuu ilipokuja, niliitembeza Kawangware nzima kwenye mfuko wa shati hadi ikachakaa kwenye mikunjo, ndipo mama yako akaninyang'anya. Nilimwonyesha muuza mbao. Nilimwonyesha kinyozi. Nilimwonyesha hata mtu aliyesimama kuniuliza njia tu, maskini, akachelewa alikokuwa anakwenda. Una jina la mama yangu, ambaye hakuwahi kushika kalamu isipokuwa kunipatia mimi, na kila nilipoona jina hilo limepigwa chapa kwenye karatasi ya chuo kikuu, nililisoma tena kwa sauti.

Lakini waliponiuliza unaenda kusomea nini, nilikuwa najibu, "Anaenda kusoma sana."

Kwa maana mimi nilikuwa nimekupangia ualimu, na wewe ukachagua biashara. Usimamizi wa biashara. Ulinisomea jina lote, nami nikakuuliza mbele ya mama yako kama hicho ni kitu cha kufundishwa darasani. Nikasema mimi nimeifanya kazi hiyo tangu kabla hujazaliwa na sijawahi kuona darasa lake. Mama yako ndiye aliyesema, "Na ndio maana." Sikumwongelesha jioni nzima.

Darasa langu lilikuwa hapahapa nilipoketi. Nilipotoka nyumbani Bungoma nikiwa kijana, nilipata kazi kwa marehemu Mzee Barasa, ambaye kibanda hiki kilikuwa chake. Alinifundisha randa na msumeno, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nife. Kisha akanifundisha kile alichokiita biashara, nacho kilikuwa kitu kimoja tu. "Mteja akikuja usimwangalie uso," aliniambia. "Uso hudanganya. Angalia viatu." Viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, bei inapanda. Sandak za plastiki, bei inashuka. Au, kama una kazi nyingi na hutaki usumbufu wa mtu wa kulialia, inapanda zaidi ili mwenye sandak aende zake.

Hayo ndiyo niliyoyajua, nami nilijiona mjanja sana. Kitanda kimoja kilikuwa na bei nyingi, kila mtu na yake, na zote zilikaa kichwani mwangu. Nilikuwa napenda ule mchezo. Mimi nataja, mteja anashika kifua, anaondoka, ninamwita, anarudi akijifanya hataki. Tukikubaliana, kila mmoja anaamini amemshinda mwenzake.

Na kulikuwa na makosa mengine, ambayo wewe umeyaona kwa macho yako. Ile tabia yangu ya kumwambia kila mteja "njoo Ijumaa" hata kama mbao zake bado ni mti msituni, mpaka watu wa hapa wakaniita Fundi Ijumaa. Wewe ulipokuwa mdogo ulidhani ni jina langu la ubatizo. Tena kile kipindi nilipowaajiri watoto wa ndugu zangu watatu kwa mpigo, kwa sababu walitoka nyumbani na hawakuwa na pa kwenda. Hakuna hata mmoja niliyeweza kumwambia kazi yake mbaya. Ningemwambiaje mtoto wa kaka yangu, na habari zingefika kijijini kabla ya jua kutua? Nikawa ninangoja wakalale, kisha ninanyoosha miguu ya meza waliyoipinda. Nilidhani huo ndio upendo. Walipoondoka, kila mmoja kwa wakati wake, waliondoka bila ufundi, na hilo linaniuma kuliko mbao walizoharibu.

Lakini nilikuwa nazungumzia viatu.

Ulipomaliza kidato cha nne, na ule muda mrefu wa kungoja kuitwa, ukawa unakuja nami hapa kupiga msasa na kufagia. Ulikuwepo siku ile walipokuja wale majirani wawili wa ploti moja, Mama Kevo na Mama Shiro. Wote walikuwa wamenunua kwangu vitanda vya futi nne kwa sita, mbao zilezile, kichwa kilekile. Siku moja wakapiga soga za bei, wakakuta hazifanani.

"Fundi, hebu tuelezee," Mama Kevo akasema. "Hii kitanda ya huyu iko na nini, yangu haina?"

"Mbao zilipanda, mama."

"Tulinunua wiki moja, fundi."

Kwa mazoea nikaangalia chini. Wote wawili walikuwa wamevaa patipati, wametoka nyumbani kwa haraka. Viatu havikunisaidia kitu. Hawakunitukana. Waliondoka wakicheka, wameshikana mikono, na kicheko chao nilikisikia mpaka kwa muuza makaa. Wewe uliendelea kufagia mahali ambapo palikuwa safi tayari.

Kesho yake ulinikuta nikinoa randa, ukaniomba kipande cha ubao laini na rangi nyeupe iliyobaki. Nilidhani unataka kujifurahisha. Ukaandika: kitanda, kabati, meza, stuli, na mbele ya kila kimoja bei yake. Bei moja. Ukautundika pale mbele ambapo hata mtu aliye ndani ya gari angeona. Nilikuuliza kama umeamua kunifukuza mjini.

Wiki ya kwanza nilikuwa na raha ya mtu anayeona ubashiri wake unatimia. Watu walisoma, wakauliza "na mwisho ni ngapi?", wewe ukasema "mwisho ni huo," wakaenda. Akaja Mama Zaituni wa Makina, ambaye unajua hakuna mtu Kibera nzima anayemweza kwa bei. Alisimama mbele ya ubao, kitambaa chake kimekaa vizuri kichwani, akausoma kutoka juu hadi chini, kisha akaniita mimi, wewe akakupita.

"Fundi, nimetoka Makina kwa miguu nije tuzungumze bei. Sasa nizungumze na ubao?"

Nilikuwa nyuma ya rundo la mbao nikijifanya napima. Nilisema moyoni, haya, mwenye kozi, jibu. Na wewe ukamletea stuli, ukamfutia vumbi.

"Bei imeshaongea, Mama," ukamwambia. "Lakini hiyo ingine yote tuongee. Unataka tuweke droo chini, ama unataka kichwa cha maua? Tukuletee mpaka Makina, ama utatuma mkokoteni? Vanishi ya kawaida ama ile nyeusi?"

Mama Zaituni akaketi. Mwanangu, yule mama alizungumza alasiri nzima. Alikubembeleza mpaka ukampa droo, wewe ukamfanya aache maua. Akadai mumletee bure, ukakubali ikiwa atangoja mpaka kuwe na mzigo mwingine wa kwenda Kibera. Aliondoka amelipa bei ya ubaoni bila kupunguziwa hata senti, na alikuwa amefurahi kuliko siku zote nilizowahi kumpunguzia. Alikuaga wewe kwanza. Mimi akaniambia, "Huyu umemtoa wapi?"

Hapo ndipo ningepaswa kukuambia kitu. Nilichokuambia ni kwamba stuli irudishwe mahali pake.

Na siku uliyoenda shuleni kuchukua cheti chako, niliugeuza ubao ukatazama ukutani. Ulijua, maana kesho yake uliufikia kabla hata hujaweka mfuko chini, ukaugeuza tena. Nilitaka siku moja tu ya kuuza kwa mdomo wangu. Niliuza, tena vizuri. Nilijisikia kijana.

Kile usichokijua ni kilichotokea mchana wa hiyo kesho, ulipokuwa umeenda kununua gundi. Alikuja msichana mmoja, anaitwa Akinyi, anapita hapa kila siku akienda kufua nguo kwenye majumba ya upande ule wa juu. Alikuwa na hela zake zimefungwa kwenye leso.

"Jana hamkuwa?" akauliza.

"Tulikuwepo."

"Sikuona ubao. Nikasema hapa si pale. Nikapita."

Nikamwambia ningekuwa nimemhudumia hata bila ubao, angeuliza tu. Akacheka, lakini si kwa furaha.

"Kuuliza? Hapana, fundi. Nimepita hapa tangu nije Nairobi. Unauliza bei, mtu anakuangalia kwanza miguu, alafu anakuambia kitu ya kukufukuza. Ni kama umeomba. Lakini nilivyoona bei imeandikwa, nikaenda nikajipanga. Nilikuwa nalala chini. Nimejipanga, nimekuja."

Alikuwa amevaa sandak. Nilijikaza nisiziangalie.

Nimelifikiria neno hilo tangu siku hiyo. Kujipanga. Ni neno la watoto wa Nairobi, nilikuwa nalisikia nikidhani ni la mchezo. Lakini ni kweli, mtu hawezi kujipanga na bei iliyo kichwani mwa mtu mwingine. Leo iko hivi, kesho imebadilika kwa sababu ya viatu vyake. Atapita tu. Mimi niliwajua waliosimama. Nilijua kuwasoma, nilijua kuwacheza, niliwapenda hata. Waliopita sikuwahi kuwaona. Nilidhani mtu anayepita hataki kitanda. Na wote wale walikuwa wanalala chini, hatua chache kutoka mahali ninapotengeneza vitanda, kwa sababu ya macho yangu.

Wewe uliwaona. Sijui ulijifunzia wapi. Hukuwa na darasa wala kozi, ulikuwa na ufagio. Baada ya Akinyi walikuja wengine wa aina yake, wanawake peke yao, bila kumleta shemeji wala jirani mwanamume wa kuwasaidia kuongea bei. Uliwahudumia kama kwamba ni jambo la kawaida, nami nikawa napiga randa nikiwa nimegeuka upande mwingine, kwa sababu nilikuwa na machozi, na vumbi la mbao ni kisingizio kizuri kwa fundi.

Sasa, ualimu. Nilikuambia ni kazi ya heshima, na ni kweli. Nilikuambia mwalimu mmoja anatoa watu mia gizani, na hilo pia ni kweli. Lakini hiyo haikuwa sababu yangu. Sababu yangu ni kaka yangu mwalimu kule nyumbani. Mwezi ukiisha, mshahara wake unakuja, mvua inyeshe isinyeshe. Mimi msimu wa mvua ninakaa hapa chini ya mabati, barabara imekuwa tope, hakuna mteja, ninasikiliza maji yakidondoka na kujiuliza mama yako atapika nini. Umekua ukiniona nikirudi nyumbani mikono mitupu na kuleta utani badala ya unga. Nilitaka wewe usipajue mahali hapo. Au niseme ilivyo: nilitaka nizeeke bila kuwa na hofu juu yako. Ualimu niliutaka kwa ajili yangu.

Wala sikutumi usome ili urudi unisimamie kibanda. Watu wa kanisa leo wamekuwa wakiomba hivyo, kwamba urudi uwe meneja uwaandike kazi watoto wao wote. Mmoja ameshaleta vyeti vya kijana wake, mama yako ameviweka chini ya godoro kwa kukosa la kusema. Usibebe hayo. Mimi kibanda changu nitakiendesha, na ubao wako utakaa ulipo. Nimejifunza hata kuandika Ijumaa ipi. Wewe nenda mahali ambapo mambo ni makubwa kuliko vitanda, ukawaangalie wale wanaopita.

Jibu lako basi. Kesho utakapofika kwenye meza yao, tia sahihi ya biashara. Uliniuliza kama ninataka au nimekubali tu. Kukubali nilikubali siku nyingi, kwa sababu ya kuogopa mama yako. Kutaka ni leo, na nimekuandikia ili usije ukafikiri nilisema kwa sababu watu walikuwepo.

Ungekuwa mwalimu, mama, ningekuwa mtu wa kupumzika. Sasa kila mvua itakapoanza kupiga mabati nitakuwa nakuwaza wewe, kama una wateja, kama umekula, kama kuna mtu anakuangalia viatu. Sitapata usingizi mzuri tena katika maisha haya. Na ninautaka huo wasiwasi, mwanangu. Niachie.

Ni mimi baba yako,
Wanjala, fundi